Kabati Lisilo na Msumari

Lori la Mustapha liliingia uani kwa Mzee Nathanieli, pale Kaagya, kabla umande haujakauka kwenye migomba, likapiga honi kana kwamba bibi harusi ni kiziwi. Kokuhirwa aliisikia akiwa chumbani kwake, wala hakugeuka. Tangu alfajiri masikio yake yalikuwa yakisubiri kengele ya baiskeli, na baiskeli ilikuwa haijafika.

Vitu vilitoka upesi. Masufuria, mikeka, sanduku la nguo, kitanda. Mustapha, dereva wa Bukoba mjini asiyejua kunyamaza, alifika chumbani akasimama mbele ya kabati. Akalipima kwa mikono yake, akaenda kuupima mlango, akarudi kulipima tena.

"Mzee, hili limeingiaje humu? Au nyumba mliijenga kulizunguka?"

"Liliingia vipande vipande," alijibu Mzee Nathanieli kutoka sebuleni. "Litatoka vipande vipande."

"Basi nipeni msumeno, tusiwacheleweshe watu wa Muleba."

"Ukiligusa kwa msumeno, Mustapha, wewe ndiye utakayetoka humo vipande vipande." Mzee alikohoa. "Nimemtumia salamu mwenyewe. Anakuja."

Mwenyewe. Mzee hakumtaja jina, na nyumba nzima ilijua ni nani. Kokuhirwa aliinama akajifanya anakaza kamba ya mkeka uliokwisha kufungwa vizuri, ili baba yake asiuone uso wake.

Kabati lile lilikuwa gumzo la kijiji. Mujuni alilitengeneza kwa mvule mkavu aliporudi kutoka kwenye kazi ya reli, kusini huko, ambako fundi mmoja wa Kichina, Mzee Shen, alimpenda na kumfundisha useremala wa kwao kila walipomaliza kazi za kambi. Halikuwa na msumari hata mmoja, wala tone la gundi. Kila mbao ilikuwa na ulimi wake, na kila ulimi ulikuwa na tundu lake. Miguu ilitanuka kidogo kuelekea chini, kiasi kwamba ukiuacha mlango wazi ulirudi wenyewe, polepole, ukajifunga bila kelele. Hata bawaba hazikuwepo. Milango ilizunguka juu ya vigingi vya mbao hiyo hiyo. Hakulipaka vanishi. Alilisugua kwa majani ya msasa, kisha kwa nta ya nyuki, mpaka mishipa ya mti ikaonekana.

Mzee Nathanieli alilipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu cha dukani. Baada ya ibada aliwaleta wageni mpaka chumbani kwa binti yake, Kokuhirwa akiona haya, akawaambia, "Tafuteni msumari. Atakayeuona namkatia mkungu wa ndizi." Wachungaji wawili walipiga magoti wakatafuta hadi uvunguni. Mkungu ule haukukatwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mzee hakuliona, pamoja na macho yake yote mawili. Wakati wa kulisimamisha, Mujuni alihitaji mtu wa kumshikia mbao, na mtu huyo alikuwa Kokuhirwa. Alimshikia, wakazungumza, wakacheka, na kazi ya siku chache ikachukua muda mrefu ajabu. Nani asiyejua mambo hayo? Fundi anayependa hupima mara tatu mahali pa mara moja. Kabati lilipokamilika, hao wawili walikuwa wamekwisha kuahidiana.

Mujuni akamtuma mshenga. Mzee Nathanieli alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, uso ukambadilika rangi, akasema kwa sauti isiyo yake, "Sisi ni Walutheri. Wao ni Wakatoliki. Maneno yameisha." Akaingia ndani akalala bila kula. Kokuhirwa alilia, naye akagoma kula, akatuma maneno kwa Mujuni, na Mujuni hakujibu. Hilo ndilo lililomkata maini. Mwanamume aliyesema angebatizwa upya hata kwenye maji ya ziwa, alinyamaza kimya.

Baadaye akaja Josia, mwalimu wa Muleba, kijana mpole, mcha Mungu, anayeosha viatu vyake mwenyewe. Laiti angekuwa mlevi! Kokuhirwa angemchukia kwa raha zake. Alikubali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa, na kesho ndiyo ilikuwa harusi.

Ila chini ya godoro, kabla halijatolewa, alikuwa ameficha furushi: gauni, kanga, viatu. Sasa lilikuwa limekaa nyuma ya pazia. Tangu aliposikia kwamba Mujuni ataitwa, alikwisha kujiapiza. Akisema neno moja tu, *twende*, wataondoka wote kupitia kwenye kahawa nyuma ya nyumba, na dunia iseme itakavyo.

Kengele ya baiskeli ililia.

Mujuni aliingia na sanduku lake la zana begani. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Shangazi Kemilembe, dada wa Mzee Nathanieli, ambaye alikwisha kuweka kigoda mlangoni kama desturi inavyotaka, mwanamwali asiachwe peke yake na mwanamume. Kisha akamgeukia Kokuhirwa, akatazama kidogo juu ya bega lake.

"Hujambo, Kokuhirwa."

"Sijambo, fundi."

Neno hilo *fundi* alilisema kwa makusudi, na aliona lilivyompata. Mujuni aliinama akafungua sanduku.

"Nitahitaji mtu wa kushika," alimwambia shangazi.

"Si huyo hapo? Ndiye aliyeshika lilipoingia." Shangazi Kemilembe alinyanyuka, akakung'uta majani ya migomba kwenye kanga yake. "Mimi nakwenda kutazama ndizi zisiungue. Mkimaliza mniite."

Akaondoka. Kokuhirwa alibaki ameduwaa. Shangazi aliyekuwa akimsindikiza hata kisimani tangu mahari ipokelewe, leo anamwacha chumbani na mwanamume aliyemtaka! Alidhani shangazi amemhurumia.

Mujuni aliweka kiganja kwenye ubavu wa kabati, akakaa hivyo kama anayemsikiliza mgonjwa.

"Mvua hizi zimelivimbisha," alisema. "Tutaanza na nguzo ya katikati. Shika hapa. Usivute mpaka nikwambie."

"Mujuni."

"Shika, Koku."

Alishika. Nyundo ya mbao ikagonga, taratibu, pigo la kwanza, la pili. Nguzo ikalegea, akaipokea. Mujuni akauinua mlango wa kushoto ukatoka kwenye kigingi chake, akaulaza juu ya mkeka kwa uangalifu, kisha wa kulia. Vidole vyao viligusana kwenye ukingo wa mlango. Mujuni ndiye aliyeondoa vyake.

"Kwa nini hukunijibu?" Kokuhirwa aliuliza kwa sauti ya chini. "Nilituma maneno. Nilituma tena. Nilikuwa nakwenda kusimama njiani, unapita njia nyingine. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi ulipata mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Dini? Mama yako alikataa?"

"Mama yangu alikwisha kununua sufuria la kukupikia." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Inua rafu hiyo. Upande wako kwanza."

Aliinua rafu. Kisha akaiweka chini, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na furushi, akalitupa miguuni pake juu ya zile zana.

"Haya. Unaliona? Ni nguo zangu. Shangazi ametupa nafasi, Mujuni, na haitarudi. Nyuma ya jiko kuna njia ya kwenda barabarani. Sikuombi nyumba, sikuombi harusi. Sema *twende*, tutakwenda. Usiposema sasa, kesho nitasema *ndiyo* mbele ya mchungaji kwa mtu ambaye simpendi, na nitaishi hivyo mpaka nife."

Mujuni alilitazama furushi. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, nyundo ikiwa bado mkononi.

"Hukujiuliza kwa nini ametuacha peke yetu?"

"Ametuonea huruma."

"La. Anajua, ndiyo maana haoni haja ya kutulinda. Nani amlinde binti na baba yake?"

Kokuhirwa hakuelewa. Alifikiri huzuni imemchanganya akili.

"Sikiliza," Mujuni alisema. "Siku kabati lilipokwisha, baba yako alikuja kwangu karakanani. Alikuwa na furaha kama mtoto. Akaniambia, 'Mujuni, Mungu amenipa mabinti tu. Sina ndugu wa kiume aliye hai. Kijana mwenye mikono kama yako nataka awe wa kwangu.' Akatoa mfukoni tunda moja la kahawa, lile la punje mbili. Akatoa wembe."

"Mungu wangu."

"Akajichanja hapa, karibu na kitovu. Nami akanichanja. Akaipaka punje moja damu yake, akanilisha. Nyingine akaipaka damu yangu, akaila yeye. Akasema, 'Sasa sisi ni ndugu.'"

"Omukago," Kokuhirwa alinong'ona. Udugu wa damu, mambo ya wazee wa zamani, ambayo kanisani yalikemewa na majumbani yaliogopwa. "Baba? Mzee wa kanisa?"

"Alisema Mungu atamwelewa, kwa sababu yeye hakufundishwa njia nyingine ya kumfanya mtu awe ndugu."

"Na wewe ukala!"

"Nikala." Alikuwa akiitazama mikono yake. "Nitakwambiaje, Koku? Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Nimelelewa na mama na rozari, kisha shule ya misheni, kisha reli. Mzee Shen alinifundisha kila kiungo cha mbao anachokijua. Hakuna aliyenifundisha hiki. Nilichojua ni kwamba omukago ni upendo mkubwa kuliko wote. Nikafikiri, mtu anayetaka kumwoa binti, aombe nini zaidi ya baba mtu kumpenda kama damu yake? Nilifurahi! Niliimeza ile punje huku nakuwaza wewe. Nikasema kesho natuma mshenga, na mzee atanipokea kwa mikono miwili."

Nje wanawake walianza kuimba. Mustapha alikuwa akibishana na mtu juu ya namna ya kupanga kitanda.

"Mshenga aliporudi na jibu sikuamini," Mujuni aliendelea. "Jioni ile baba yako alikuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni akaniuliza, 'Mujuni, hukujua?' Nikamwambia, sikujua nini? Akasema, 'Aliyekula damu yangu ni ndugu yangu. Mtoto wangu ni mtoto wake.' Nikamwambia sikujua. Naye akaniambia hakujua kuhusu sisi. Kisha akalia, Koku. Mzee yule alilia mbele yangu mpaka nikamshika. Akaniomba jambo moja, nisikwambie, kwa sababu watu wa kanisa wakisikia, atavuliwa uzee wake. Nikamwahidi."

"Na sasa umeniambia."

"Nimekwambia kwa sababu ya hilo furushi. Ningekuacha uondoke ukidhani sikukutaka, ningekuwa mnyama."

Kokuhirwa alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi sikula kitu," alisema.

"Koku..."

"Mimi sikula kitu! Mlikaa wanaume wawili karakanani, mkachanjana, mkalishana, mkafurahi. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa naosha vyombo! Hakuna aliyenipa punje, hakuna aliyenichanja. Halafu anayelipa ni mimi?"

Mujuni hakujibu.

"Hayo ni mambo ya kale," Kokuhirwa aliendelea, machozi sasa yakimtiririka waziwazi. "Mchungaji husema ni giza. Padri wako anasema hivyo hivyo. Twende. Twende mbali, Mwanza, Dar es Salaam, huko kwenye reli yako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Baba yako atajua. Kila mtoto wetu akiugua homa, nitafikiri ni ile punje. Ukiugua wewe nitafikiri ni ile punje. Najijua, Koku. Nitakuwa nakulaza kitandani na hofu. Ungenichoka kabla ya mwaka kwisha."

"Afadhali nikuchoke wewe kuliko nimvumilie mwingine."

Alimwangukia, au yeye ndiye aliyenyoosha mikono, hakuna anayeweza kusema. Alikaa pale kifuani pake, akisikia harufu ya nta na ya mti uliorandwa, na Mujuni alimshika kichwa kwa viganja vyote viwili bila kumbusu. Kokuhirwa alitamani ambusu. Alitamani hata amwumize. Mikono ile iliyojua kuunganisha kila kitu ilimshika tu, ikamwachia.

"Kimebaki kiungo kimoja," Mujuni alisema hatimaye. "Kile cha kona ya nyuma. Kimebana."

"Kiache. Likatwe. Sitaki kulipeleka."

"Litakwenda. Nililitengeneza kwa ajili yako, na popote utakapokuwa litakuwa lako. Ila mimi Muleba siwezi kuja kulisimamisha. Hilo sitaliweza. Kwa hiyo ushike kichwani: miguu ya nyuma kwanza, kisha pande, kisha rafu, milango ndiyo ya mwisho. Usikubali mtu alipige nyundo ya chuma. Na usikubali atie msumari, hata mmoja, hata akikwambia litakuwa imara zaidi. Mbao hii inavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, ndiyo maana nimeiachia nafasi. Ukiifunga kwa chuma, itapasuka."

"Josia ni mwalimu. Atanisikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo baina yao. Mujuni aliinamisha kichwa.

"Ni mtu mwema?"

"Ni mwema mno," Kokuhirwa alisema. "Ndilo tatizo lake."

Wakashika kiungo cha mwisho, yeye upande huu, Mujuni upande ule. Kiligoma. Mujuni akagonga, akapuliza, akagonga tena. Kokuhirwa akavuta kwa uzito wake wote huku akilia, mbao ikatoa mlio, ulimi ukachomoka kwenye tundu lake. Kwa mara ya kwanza tangu lisimamishwe aliuona: mweupe, safi, bila alama ya kitu. Mujuni aliupangusa kwa shati lake, akaufunga kwa kitambaa, akaweka vipande vyote kwa mpangilio. Lile furushi alilifungua mwenyewe, akazikunja nguo upya moja moja, akazitia kwenye droo ya kabati iliyokuwa imelazwa kando. Kokuhirwa alimtazama akifanya hivyo na hakumzuia.

"Limefunguka?" sauti ya Mzee Nathanieli iliuliza mlangoni.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliangalia mbao zilizolazwa, akaangalia uso wa binti yake, akaangalia uso wa Mujuni. Akajua.

"Limefunguka, waitu," Mujuni alisema kwa heshima.

Vipande vilitoka. Mustapha alivipokea juu ya lori akishangaa kwa sauti, akivigeuza kutafuta msumari. Ua ulikuwa umejaa: wanawake wa kanisa, majirani, shangazi na mwiko wake. Ilikuwa saa ya kuaga. Kokuhirwa aliwapigia magoti wazee mmoja mmoja, kila mmoja akamwekea mkono kichwani. Akampigia magoti baba yake. Mzee Nathanieli alimbariki, kisha akasema neno ambalo watu wengine hawakulitilia maanani.

"Bado mmoja, mwanangu. Kama utaweza."

Mujuni alikuwa amesimama karibu na baiskeli yake, mbali kidogo na watu.

Kokuhirwa alinyanyuka. Moyo ulimwambia apige kelele, hapo hapo, mbele ya kanisa lote. Aseme ni nani alichanja nani, ni nani alikula nini, na kwamba yeye hakuulizwa. Maneno yalikuwa yamemfika kooni. Alimwona baba yake amefumba macho, akiyasubiri, bila kujitetea. Mzee alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Alikuwa amempenda kijana mmoja vibaya, kama yeye mwenyewe alivyompenda, na wote wawili walikuwa wamempoteza kwa namna moja. Kokuhirwa aliona hawezi. Si kwa kumwogopa, kwa kumhurumia.

Alivuka ua wote na gauni lake jipya, akafika kwenye baiskeli, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa mvua.

"Tata," alisema, kama mtoto anavyomwita baba yake. "Naondoka. Unibariki."

Wanawake walitazamana. Mustapha, juu ya lori, aliangua kicheko. "Fundi, leo umezeeka ghafla!" Hakuna aliyecheka naye.

Kokuhirwa hakuinua macho. Alikuwa akisubiri sauti yake imsaliti, imkatikie kooni japo kidogo, apate kitu cha kwenda nacho Muleba. Aliusikia mkono ukishuka juu ya kilemba chake, ukatulia.

"Nenda na amani," Mujuni alisema, "mwana wange."

Ilikuwa sauti ya baba kabisa, tulivu, haikutetemeka hata mara moja, na hilo Kokuhirwa hakuwahi kumsamehe maisha yake yote.